Plasta Mgongoni mwa Kochi

Obonyo, kocha wa ndondi, hakuona haya watu wa mtaa wake wa Bukoto wajue kwamba ana saratani. Kilichomtia haya ni plasta. Saratani, alikuwa akisema, ni mpinzani aliyepanda ulingoni bila kualikwa, na mpinzani wa namna hiyo mtu hamchagui. Lakini ile plasta nyembamba aliyobandikwa nyuma ya bega ilikuwa dawa, na neno "dawa" katika ukumbi wake wa ndondi lilikuwa tusi. Aliwahi kumfukuza kijana mwenye kipaji kikubwa, mbele ya wenzake wote, kwa kuwa alikutwa na vidonge vya kujitia nguvu. "Hapa tunapigana kwa damu tuliyozaliwa nayo," alimwambia, na wanafunzi wake wakawa wanayarudia maneno hayo kama sala.

Sasa damu aliyozaliwa nayo ilikuwa haimtoshi tena. Saratani ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo na nyonga. Kwa miezi mingi alikuwa amekunywa morfini ya maji, ile ya chupa, ikamshikilia vizuri. Kisha figo zikaanza kuchoka, dawa ikawa inalundikana mwilini, akaanza kuweweseka na kuongea na mabondia waliokwisha kufa. Daktari ndiye aliyeamua kumhamishia kwenye plasta. Aliyekuja kuibandika nyumbani ni Sista Hortense, muuguzi Mkongomani aliyezunguka na mkoba wake kwa wagonjwa wa maumivu yasiyokwisha.

"Baba, hii haiko plasta ya kidonda," Sista alisema huku akimpangusa bega kwa maji matupu na kulikausha vizuri. "Iko na nguvu sana. Inaingia pole pole kupitia ngozi, siku tatu nzima, halafu tunatoa, tunaweka ingine mahali pengine. Wewe mwili wako umezoea dawa ya aina hii. Mtu ambaye hajazoea, moja tu inaweza kumuua."

"Nimesikia, Sista."

"Na joto. Pale ndipo watu wanateleza. Chupa ya maji ya moto, kitambaa cha moto, kukaa kando ya sigiri ya mkaa, jua kali. Joto linaivuta dawa mbio mbio, inaingia nyingi kwa mara moja. Hata homa ikipanda, mniite."

Nerima, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikinuka mukene. Alikuwa akiuza samaki hao wadogo wakavu katika soko la Bukoto. "Nitajuaje kama imezidi?" aliuliza.

"Usingizi," Sista alijibu. "Usingizi wa kumwita mtu asiitike. Na pumzi zinachelewa, kama mtu anazisahau. Ukiona hivyo usiningoje mimi. Toa plasta, kimbia hospitali." Akaibonyeza plasta kwa kiganja, akakaa vile kwa muda, kama mtu anayesali. "Na wale vijana wako wa ngumi, Baba, wanajua?"

"Hawana haja ya kujua."

"Kila mtu anayeingia nyumba hii ajue."

"Sista," Obonyo alisema, na sauti yake ikawa ile ya ukumbini, "wale wanajua mimi ni mtu wa namna gani. Waniache hivyo hivyo."

Sista alimtazama Nerima. Nerima akatazama chini. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu wakiwa vijana waliovuka mpaka wa Busia na begi moja, na hakuwahi kumsikia akisema kwamba kitu kinamuuma. Mbavu zilizovunjika aliziita "kidogo tu". Hata saratani, mwanzoni, aliiita "kidogo tu".

Na kweli, plasta ilifanya kazi yake. Obonyo, ambaye kwa wiki nyingi alilala ameketi, alianza tena kulala kitandani kama watu. Akawa anatembea hadi mlangoni na kutoa kiti nje asubuhi, kabla jua halijakasirika. Akaanza kumuulizia Kasim, mwanafunzi wake mdogo kwa umbo aliyekuwa na pambano kubwa la ubingwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nerima alipomsikia akicheka peke yake, akikumbuka ngumi fulani ya zamani, alisimama jikoni na mwiko mkononi, asijue amesimama kwa nini.

*

Siku moja Nerima alirudi kutoka sokoni alasiri, mapema kuliko kawaida, kwa sababu wingu zito lilikuwa limetanda na mukene hautaki mvua. Mlangoni alikuta viatu vya raba, vikubwa, vimepangwa kwa adabu. Alipofungua mlango alipokewa na mvuke.

Kasim alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika taulo linalofuka moshi. Taban, bondia wa uzito wa juu, kijana mwenye mabega kama kabati, alikuwa akimimina maji ya birika kwenye beseni. Obonyo alilala kifudifudi, fulana yake imelowa mgongo mzima, na juu ya fulana taulo jingine.

"Mama, karibu," Kasim alinong'ona, uso ukimng'aa kwa furaha. Alikuwa Muganda wa Kawempe, na Kiswahili chake kilikuwa na njia zake. "Tumemukanda kochi tangu saa saba. Angaria, amerara kama mutoto."

Nerima aliangusha kikapu.

"Ondoa hilo taulo! Ondoa!"

"Mama, wacha arare, hajarara vizuri siku mingi..."

Alimsukuma. Hakujua nguvu ilitoka wapi, kwa maana Kasim alikuwa mtu asiyesukumika. Wakamgeuza Obonyo. Mdomo ulikuwa wazi, midomo imepoteza rangi, koo likikoroma. Nerima alimwita kwa jina la mtoto wao, kama alivyomwita miaka yote, "Baba Odero! Baba Odero!" Hakuitika. Akamsugua kifua kwa vifundo vya vidole hadi ngozi ikabadilika. Akamfunua jicho, na mboni yake ilikuwa imesinyaa kama tundu la sindano. Pumzi ikatoka. Nerima akangoja nyingine. Akangoja. Ilipokuja, ilikuja kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.

Akaipandisha fulana, akaibandua plasta kutoka nyuma ya bega. Ngozi pale ilikuwa nyekundu na ya moto. Aliikunja katikati, gundi kwa gundi, akaitia ndani ya kaveera, kimfuko cha plastiki, na kuifunga fundo. Akapangusa mahali pale kwa maji baridi.

"Hiyo ni nini, Mama?" Taban aliuliza.

"Ni dawa. Leteni gari. Chochote kile. Kasim, mlaze ubavu, mshike kidevu hivi, asimeze ulimi. Na umwite. Usiache kumwita."

"Nimwite aje?"

"Kama unavyomwita ulingoni!"

Basi watu wa jirani wakasikia bondia akipiga kelele, "Kochi! Kochi! Pumua, kochi!" na Nerima, simu sikioni, akimweleza Sista Hortense huku akivaa kiatu kimoja. Sista hakupoteza neno. "Umetoa? Vizuri. Sasa hospitali. Ile iliyoingia chini ya ngozi haitoki na plasta, itaendelea kufanya kazi. Usidanganyike akiamka kidogo. Mimi nakuja."

Jirani mwenye gari la kubebea matoke alilitoa. Taban alimbeba kocha wake mikononi kama bibi harusi.

*

Kwenye dirisha la mapokezi, mwanamke mwenye kalamu sikioni aliwatazama vijana wawili wenye pua zilizovunjika, akamtazama mzee aliyelegea, akatabasamu upande mmoja.

"Amevuta nini huyu?"

"Hajavuta," Nerima alisema.

"Mama, tunawaona hapa kila siku. Sema tu. Ni unga? Ni sindano?"

Watu kwenye benchi waligeuka. Mama mmoja alivuta pochi yake karibu na paja. Nerima alihisi uso unamwaka moto. Kwa kipindi kifupi alimwelewa mumewe kabisa, kwa nini aliificha ile plasta kama mwizi anavyoficha alichoiba. Alimwelewa, na papo hapo akaona kwamba kulikuwa na nafasi ya kitu kimoja tu pale dirishani: ama heshima yao, ama pumzi zake.

Akaiweka kaveera juu ya meza. Akasema kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni, ili benchi lote lisikie.

"Mume wangu ana saratani kwenye mifupa. Hii ni dawa yake ya maumivu, aliandikiwa na daktari. Imepata joto, imeingia nyingi, na sasa anasahau kupumua. Niitie daktari, halafu utaniuliza unachotaka."

Daktari, msichana mwembamba aliyefunga nywele kwa raba, alikuwa amekwisha sikia. Alikuja mbio, akaitazama plasta mara moja tu. "Umefanya vizuri kuileta," alisema, na machela ikapita.

Walimvalisha oksijeni. Daktari akamchoma sindano ya kuipinga ile dawa, kidogo kidogo, akimtazama kifua. "Inairudisha pumzi," alimwambia Nerima bila kugeuka, "lakini inayarudisha na maumivu. Jikaze, Mama."

Nerima hakuwa amejiandaa. Obonyo alifungua macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka majini, kisha akapiga yowe. Halikuwa kubwa sana, lakini lilikuwa la mtu asiyejua kupiga yowe, lilitoka limepinda, na likaendelea. Kule kwenye korido Kasim aliziba masikio kwa ngumi zake mbili. Taban aligeukia ukuta.

Nerima aliwaendea baadaye, yowe lilipotulia na daktari akaahidi kwamba mgonjwa atabaki chini ya uangalizi hadi kesho yake, kwa kuwa dawa ya plasta inaweza kumrudisha usingizini. Aliwakuta wameketi sakafuni. Akaketi nao. Akawaeleza yote: saratani imefika wapi, plasta ni nini, joto linaifanya nini. Hakuficha kitu.

"Kwa hiyo ni sisi," Kasim alisema.

"Hamkujua."

"Rakini ni mikono yangu, Mama. Mimi ndiye niliyeweka tauro."

*

Obonyo alirudi nyumbani na plasta mpya, ya nguvu ndogo zaidi, na kinywa kilichofungwa. Alikula alichopewa. Aliwaitikia majirani. Lakini hakumsemesha mkewe hadi jioni ya siku ya pili, Nerima alipokuwa akimpa maji ya kunywa.

"Umenivua nguo mbele ya watoto wangu," alisema.

"Ningekuvua na ngozi," Nerima alijibu, "ilimradi upumue."

"Wamenisikia nikilia."

"Wamekusikia. Na mimi nimekusikia. Miaka yote hii, Baba Odero, nimelala na mtu nisiyejua anaumwa wapi. Unajua hiyo ni kazi gani? Kila asubuhi nakutazama uso kama mtu anayetazama mawingu, nibahatishe. Nimechoka kubahatisha." Akachukua kikombe. "Kama ni aibu, ya siku ile niliibeba mimi pale dirishani, na haikunivunja mgongo."

Obonyo alinyoosha mkono. Kikombe alichokuwa ameshakirudisha, alikiomba tena.

Kesho yake alikuja Taban. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakataa kuketi. Alikulia Bombo, mji wa wanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Kochi, Kasim hapigani Jumamosi. Ametundika glavu. Anasema mikono iliyotaka kuua baba haiwezi kupigana na mtu."

"Mimi nimekufa?" Obonyo aliuliza.

"Hapana, kochi."

"Basi nani amemwambia kwamba ameua?" Alijaribu kuinuka, akasita, akashika ukingo wa kitanda. Nerima aliuona uso wake ukipambana na neno. Wakati huu neno lilishinda. "Inauma," alisema. "Mama Odero, nisaidie. Na umpigie Sista, umuulize kama naweza kutoka."

Sista alisema anaweza, asubuhi kukiwa na ubaridi, asiende peke yake, na plasta isikae juani.

*

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani nyuma ya maduka, wenye mifuko ya mazoezi iliyoshonwa kwa gunia na kuzibwa kwa turubai. Nerima alikuwa amefua jezi za ukumbi ule miaka yote, ila hakuwahi kuvuka mlango wake. Obonyo alikuwa na imani zake kuhusu wanawake na ulingo. Siku hiyo Nerima aliingia akiwa amemshika mumewe mkono.

Vijana waliacha kuruka kamba. Kasim alikuwa kwenye kona, amevaa nguo za kawaida.

Obonyo aliketi kwenye benchi. Akapumzika. Kisha akasema, "Mama Odero, nipandishe shati."

Akalipandisha. Plasta ilikuwa kifuani safari hii, upande wa kushoto, inang'aa kidogo.

"Hii ni nini?" Obonyo aliuliza. "Taban?"

"Ni dawa, kochi."

"Ni dawa. Kubwa. Mnakumbuka nilimfukuza mtu hapa kwa ajili ya dawa. Nilimfukuza kwa sababu alikuwa mzima na alitaka kuiba ushindi wa mwenzake. Leo nisingebadilisha. Lakini mimi siibi kitu cha mtu. Mimi natafuta kukaa kwenye kiti, nile na mke wangu, nimwone Kasim akipigana. Nilichanganya mambo mawili, na sikuwaambia. Huo ulikuwa ujinga wangu, na mtu mzima akiwa mjinga anakuwa mjinga kweli kweli."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Kasim. Njoo hapa. Karibu zaidi. Ulipoweka taulo la kwanza, mimi nilikuwa macho. Unasikia? Sista alikuwa amenikataza joto. Nilijua. Nilikuwa na neno moja la kusema, nikaona afadhali taulo kuliko neno. Mikono yako haikufanya kitu isipokuwa mapenzi. Ni mdomo wangu uliotaka kuniua."

Kasim alikuwa akilia wazi, bila kujifuta. "Kochi, mimi naogopa."

"Ogopa. Hata mimi naogopa. Halafu vaa glavu." Akamgeukia mkewe. "Sasa waambie hawa, Mama Odero. Wanaingia nyumbani kwetu. Waambie yote, mimi nitasahau mengine."

Nerima alitazama zile nyuso zilizopondeka. Alikuwa amezoea kusema na wateja, si na ukumbi. Lakini alipoanza, maneno yalikuja, kwa kuwa yalikuwa yake: kwamba plasta haiguswi na joto la aina yoyote, kwamba ya zamani hutolewa kabla ya mpya, hukunjwa gundi ndani, na hurudishwa kwa Sista, isionekane na mtoto, kwamba kwa mtu mwingine ni sumu, kwamba mzee akilala usingizi usioitika, hakuna kumwonea huruma, ni kumwamsha, kubandua, kukimbia.

"Mama," Taban aliuliza, "kama maumivu ni kidogo, si unaikata nusu?"

"Haikatwi kamwe. Ukiikata dawa yaweza kutoka yote kwa mara moja. Nguvu zake anapima daktari, si mkasi wangu."

Waliuliza mengi. Alipomaliza, Kasim alikuwa ameshafunga bandeji mkono mmoja, na wa pili alikuwa akiufunga kwa meno.

*

Jumamosi ukumbi wa pambano ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Sista Hortense alikuwa amesema Obonyo aketi mbali na taa kubwa, karibu na hewa, na Taban alimtengea kiti cha kona penye upepo, akasimama mbele yake kama ukuta watu wasimkanyage. Nerima aliketi upande wake. Alikuwa amevaa gomesi yake ya njano, ile ya sherehe.

Kasim hakuanza vizuri. Mpinzani wake alikuwa na mikono mirefu, akampiga kwa mbali kama mtu anayekung'uta zulia. Obonyo alikuwa ameinama mbele, midomo ikicheza. Katikati ya pambano alimshika mkewe mkono, akaubana. "Nyonga," alisema. "Imeamka." Nerima akamsogezea mto, akamgeuza kidogo. "Sasa?" "Sasa nafuu. Mtazame mjinga yule, mbona haingii ndani!" Na kama aliyesikia, Kasim akaanza kuingia ndani, chini ya ile mikono mirefu, akipiga mbavu, akitoka, akiingia tena. Kengele ya mwisho ilipolia hakuna aliyejua nani ameshinda. Mwamuzi alipouinua mkono wa Kasim, paa lilitaka kuondoka.

Katika msongamano ule alikuja Olweny, bondia wa zamani kutoka Lira aliyepigana na Obonyo mara nyingi ujanani, na sasa alikuwa rafiki wa kukutana kwenye mapambano. Alikuwa na chupa ya waragi na vikombe.

"Kunywa, mzee! Umefundisha mtoto!"

"Siwezi, kaka," Obonyo alisema, kwa sauti, katikati ya watu. "Nina dawa kali mwilini, ya maumivu. Haikai na pombe. Nikichanganya, nalala na siamki."

Nerima alisubiri watu wageuke, wanong'one. Wachache waligeuka. Olweny aliishusha chupa taratibu, akaketi kwenye ngazi ya ulingo, karibu na goti la Obonyo.

"Dawa ya maumivu," alisema kwa sauti ndogo. "Na inasaidia?"

"Niko hapa. Si unaniona?"

"Dada yangu, kaka. Tuko naye Wandegeya. Ziwa lilikatwa, sasa saratani iko kwenye mifupa. Halali. Tunafunga mlango majirani wasisikie. Panadol, ndiyo tunampa." Akasogea karibu zaidi. "Ungeweza kunipa moja tu? Moja tu, apumzike."

Obonyo alimtazama mpinzani wake wa zamani. Kisha akaweka kiganja kizito juu ya bega la Nerima.

"Muulize huyu," alisema. "Kwenye kona yangu anayesema ni yeye."

Nerima alihisi macho ya watu. Alikaa wima ndani ya gomesi yake.

"Sikupi, shemeji," alisema. "Ya mume wangu ingemuua dada yako, kwa sababu mwili wake hauijui. Hata tone sikupi. Lakini dada yako hana haja ya kulia nyuma ya mlango, iko dawa ya kumwanzia, na wako watu wa kumpimia. Namba ya Sista Hortense ninayo. Jumatatu sifungui biashara. Nitakuja mwenyewe Wandegeya, tutamchukua pamoja, na wakimuuliza dirishani amevuta nini, nitajibu mimi."